Kwaresima, Msimu wa Waraka

Dominika ya kwanza ya Kwaresima ya mwaka 1992 iliangukia tarehe 8 Machi. Asubuhi hiyo, katika parokia za Kikatoliki kote Malawi, mapadre waliweka kando mahubiri yao na kuwasomea waamini waraka. Ulikuwa umechapwa kwa siri, nakala 16,000, na kufikishwa makanisani kabla serikali haijapata fununu. Ulitiwa saini na viongozi 7 wa majimbo, akiwamo Askofu Mkuu James Chiona wa Blantyre, na kichwa chake kilikuwa cha upole kabisa: Kuishi Imani Yetu.

Yaliyomo hayakuwa ya upole. Waraka ulizungumzia shule zilizofurika wanafunzi bila walimu wa kutosha, huduma duni za afya, mishahara isiyomfikisha mtu popote, na pengo kati ya wachache waliotajirika na wengi waliobaki na ufukara wao. Ukataja na hofu, kwamba watu hawathubutu kusema wanalofikiri. Haya yalisomwa kwa sauti katika nchi ya chama kimoja, chini ya Hastings Kamuzu Banda, rais wa maisha, ambako watu walizoea kugeuka nyuma kabla ya kutamka neno lolote juu ya serikali.

Siku mbili baadaye maaskofu waliitwa polisi Blantyre wakahojiwa kwa saa nyingi. Waraka ukatangazwa kuwa wa uchochezi. Monsinyori John Roche, Mwairlandi aliyekuwa akiliongoza Jimbo la Mzuzu, alifukuzwa nchini. Wanafunzi wa Chuo cha Chancellor kule Zomba waliandamana kuwaunga mkono maaskofu. Mwezi Mei wafanyakazi wa Blantyre waligoma, na nchi wafadhili zikasimamisha misaada. Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi walipiga kura ya maoni na kuchagua mfumo wa vyama vingi. Tarehe 17 Mei 1994 Banda akashindwa katika uchaguzi. Si haki kusema waraka peke yake uliuangusha utawala wa miaka 30, kwani ukata wa fedha na migomo vilikuwa na nguvu zake. Hata hivyo, ni vigumu kuisimulia historia ya mageuzi yale bila kuanzia Dominika ile ya Machi.

Maaskofu wale wangeweza kusubiri Krismasi, au siku ya uhuru. Walichagua Kwaresima, na kwa kufanya hivyo walishika desturi yenye umri wa zaidi ya miaka 1,600. Wengi wetu tukisikia Kwaresima tunafikiria njaa, majivu na nyama iliyoachwa. Historia inaonyesha kwamba huu umekuwa pia, tangu zamani sana, msimu wa kuandikiwa na kusomewa.

Desturi hiyo ina mizizi barani Afrika. Katika karne ya 4, kila mwaka, Askofu wa Aleksandria huko Misri alituma barua kwa makanisa yaliyokuwa chini yake. Sababu ilikuwa ya kawaida: Pasaka haina tarehe moja, inafuata mwandamo wa mwezi, na mji wa Aleksandria ulisifika kwa wajuzi wa hesabu za nyota. Barua ilisema mfungo uanze lini, uishe lini, na Pasaka iadhimishwe lini. Ila askofu akishashika kalamu hakosi la kuongeza. Athanasi, aliyeshika uaskofu kuanzia 328 hadi 373, alizijaza barua hizo mafundisho, maonyo na faraja, na hakuacha kuandika hata pale wafalme walipomfukuza mjini kwake mara baada ya mara.

Mnamo mwaka 340 hivi, akiwa uhamishoni Roma, alimwandikia Serapioni, Askofu wa Thmuis, akimsihi awafundishe Wamisri kufunga siku 40 zote. Hoja yake ina ubinadamu mwingi: dunia nzima ikifunga na wao peke yao wakawa wanakula, watachekwa. Barua yake ya 39, ya mwaka 367, ilikuwa na uzito mwingine. Ndani yake aliorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, vilevile vilivyomo katika Biblia iliyo mikononi mwa msomaji wa Kiswahili leo, na ndiyo orodha ya kwanza inayojulikana kulingana nayo bila kupungua wala kuzidi kitabu. Orodha hiyo imetufikia kwa njia ya barua ya kutangaza mfungo.

Mfungo wenyewe ulichukua muda kupata umbo. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 unautaja msimu wa siku 40 kana kwamba unajulikana tayari, lakini kila kanda ilihesabu kivyake. Roma ilifunga majuma sita, na kwa kuwa Dominika haifungwi, siku zilibaki 36. Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, alizipenda hizo 36 kwa sababu alizihesabu kuwa zaka ya mwaka, moja ya kumi ya siku zake. Baadaye ziliongezwa nne mwanzoni ili zitimie 40, na ndiyo maana msimu unaanza Jumatano. Kupaka majivu vichwani mwa waamini wote, si wa wakosefu wakubwa tu waliokuwa katika toba ya hadharani, kulihimizwa na Sinodi ya Benevento mwaka 1091. Waethiopia wa Kanisa la Kiorthodoksi walifuata njia yao: hadi leo mfungo wao wa kabla ya Pasaka una siku 55, bila nyama, maziwa wala mayai. Anayelalamikia Ijumaa moja bila nyama choma aulize habari za Addis Ababa.

Na kusoma? Katika miaka ya 380 mwanamke mmoja msafiri, Egeria, alikaa Yerusalemu na kuwaandikia dada zake wa kiroho kule magharibi yale aliyoyaona. Waliojiandikisha kubatizwa Pasaka, anasema, walikusanyika kila asubuhi ya Kwaresima, wakaketi kumzunguka askofu, wakafundishwa Maandiko kwa saa tatu. Majuma yalipokuwa yakienda wakapewa Kanuni ya Imani, wakaichambua neno kwa neno. Kwa Egeria, Kwaresima ilikuwa darasa la kila siku, na njaa ilikuwa sehemu ya nidhamu ya darasa hilo.

Pwani ya Waswahili iliiona Kwaresima ya Wareno mwaka 1498. Meli za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa tarehe 7 Aprili, siku moja kabla ya Dominika ya Matawi. Shajara ya safari inaeleza kwamba mabaharia walifurahi wakitumaini kushuka kesho yake na kusikiliza Misa pamoja na Wakristo waliodaiwa kuishi mjini. Wakristo hao hawakuonekana. Uhusiano na wenyeji ukaharibika, na Ijumaa Kuu, tarehe 13, meli zikang'oa nanga. Jumamosi Kuu Wareno waliiteka mashua baharini pamoja na abiria wake, na jioni hiyo wakafika Malindi, ambako Pasaka iliwakuta siku ya pili. Toba ya namna hiyo msomaji ataipima mwenyewe.

Kwaresima iliyoota mizizi hapa ilikuja karne tatu na nusu baadaye, na haikuja kwa mizinga. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakaanza na watu waliokombolewa utumwani. Wamisionari Waanglikana wa UMCA walikuwa wameshafika Unguja mwaka 1864, nao, kwa kuwa walipenda sana ibada za kale, waliishika Kwaresima kwa makini. Mapadre Weupe wa kwanza walifika Buganda tarehe 17 Februari 1879, siku tisa kabla ya Jumatano ya Majivu. Mwaka uliofuata, Jumamosi Kuu, tarehe 27 Machi 1880, waliwabatiza Waganda wao wa kwanza. Lavigerie, mwanzilishi wa shirika lao, hakutaka haraka. Aliagiza ukatekumeni wa miaka minne, akiurudia mtindo wa Kanisa la kale ambao Egeria aliuona Yerusalemu. Kwa waongofu wa kwanza wa kanda hii, Kwaresima ilikuwa tena darasa.

Mwalimu wa darasa hilo alikuwa katekista. Padre aliweza kukifikia kigango mara chache kwa mwaka, hivyo ibada zilizodumu ni zile ambazo katekista aliweza kuziongoza mwenyewe. Hapo ndipo Njia ya Msalaba ilipopata nguvu yake vijijini. Vituo vyake 14, idadi iliyokubaliwa na Papa Klementi XII mwaka 1731, havihitaji padre, hostia wala altare. Vinahitaji ukuta wenye picha au njia yenye miti, sauti ya kiongozi, na watu wanaojua kuitikia. Asiyejua kusoma alikariri. Mitambo ya uchapishaji ya Wabenediktini huko Peramiho na Ndanda ilipoanza kutoa vitabu vya sala kwa Kiswahili, waamini wengi walipata kwa maandishi maneno waliyokuwa wakiyajua tayari kwa moyo. Hadi leo Ijumaa za Kwaresima, saa kumi au kumi na moja jioni, kanisa la kijijini hujaa kwa ibada hii hata pale ambapo padre hayupo.

Nyaraka za maaskofu nazo ziliendelea, na si zote zilizoacha jina zuri. Jumatano ya Majivu ya mwaka 1959, tarehe 11 Februari, Askofu André Perraudin wa Kabgayi, mmisionari Mswisi, alitoa waraka wa Kwaresima kwa Wakristo wa Rwanda kuhusu upendo. Katikati ya mafundisho juu ya haki aliandika kwamba tofauti za kijamii nchini humo kwa sehemu kubwa zinafungamana na tofauti za rangi, na kwamba mali na madaraka vimo mikononi mwa watu wa kabila moja. Novemba mwaka huohuo mapinduzi yakaanza, nyumba za Watutsi zikachomwa moto, maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Tanganyika na Kongo. Wanahistoria wanabishana hadi leo. Wako wanaouona waraka kuwa sauti ya wanyonge, na wako wanaosema uliupa mgawanyiko wa kikabila baraka za Kanisa wakati moto ulikuwa umeshakolea kuni. Kwa vyovyote, lugha ya rangi iliyotumika ndani yake haikuwa ya kiaskofu, na nia njema ya mwandishi haiwezi kuifuta.

Mabadiliko makubwa yalitoka Roma. Mwezi Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema toba ya Kwaresima isiwe ya moyoni na ya mtu binafsi tu, bali ionekane nje na iguse jamii. Mwezi Februari 1966 Papa Paulo VI akalegeza sheria ya kufunga: siku za lazima zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na nyama ikaachwa siku za Ijumaa. Kwa karne nyingi tumbo ndilo lililomkumbusha Mkatoliki kwamba ni Kwaresima. Sasa tumbo likapewa nafuu, na pakahitajika kitu kingine cha kuzijaza zile siku 40.

Afrika Mashariki kitu hicho kilikuwa jumuiya. Maaskofu wa AMECEA, shirikisho la mabaraza ya maaskofu wa kanda hii, walikutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, wakaamua kwamba Jumuiya Ndogondogo za Kikristo ziwe msingi wa uhai wa parokia. Kaya kadhaa za mtaa mmoja hukutana kila juma nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu, husoma Injili, husali, hujadili nani anaumwa na nani amefiwa. Uamuzi huo uliupa waraka wa Kwaresima makao mapya. Zamani ulisomwa mara moja kutoka mimbarini, watu wakasikiliza, wakaenda zao. Sasa ungeweza kukatwa vipande, kipande kwa kila juma, na watu wakaulizana maswali juu yake.

Kenya ndiyo iliyoufanya utaratibu huu kuwa kazi hasa. Kila mwaka Tume ya Haki na Amani ya maaskofu Wakatoliki hutoa kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Kina mada tano, moja kwa kila juma, zinazochaguliwa kati ya mambo kama ardhi, ufisadi, uchaguzi, vijana, mazingira na familia, kulingana na hali ya mwaka wenyewe. Kila juma lina picha na kisa kifupi cha maisha, kisha masomo ya Biblia, kisha swali la nini kifanyike. Mbinu ni ile ya kuona, kuamua na kutenda, aliyoieneza padre Mbelgiji Joseph Cardijn miongoni mwa vijana wafanyakazi katika miaka ya 1920 na ambayo Papa Yohane XXIII aliikubali rasmi mwaka 1961. Mama anayeuza mboga sokoni na mwalimu mstaafu huketi katika benchi moja wakijadili kwa nini zahanati haina dawa, nao wanaiita shughuli hiyo sala. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna sehemu ya historia ya Kwaresima katika kanda hii iliyo na ubunifu zaidi.

Kuna upande wa fedha pia, na haupaswi kupitwa. Sadaka ya Kwaresima imevuka mipaka kwa muda mrefu. Wakatoliki wa Ujerumani walianzisha Misereor mwaka 1958 kwa wazo la Kardinali Josef Frings wa Köln, na wale wa Ireland wakaanzisha Trócaire mwaka 1973. Mashirika yote mawili hukusanya sehemu kubwa ya michango yao Kwaresima, na miradi mingi barani Afrika imejengwa kwa fedha za watu walioacha bia au chokoleti kwa siku 40. Kampeni ya Kenya nayo hukusanya mchango wake, ili wanaojadili umaskini wasibaki wakisubiri bahasha kutoka ng'ambo.

Tanzania ina Ujumbe wa Kwaresima wa Baraza la Maaskofu Katoliki, ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa kiroho na wa utulivu. Ule wa Februari 2018 ulizua mjadala wa taifa zima. Maaskofu walilalamikia shughuli halali za kisiasa, kama mikutano ya hadhara na maandamano, kuzuiwa kwa nguvu za dola, na vyombo vya habari kufungwa. Mwezi Machi, Kwaresima ikiwa bado haijaisha, maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri nao wakatoa waraka wao wa Pasaka, Taifa Letu Amani Yetu, wakigusia mambo yaleyale pamoja na mchakato wa Katiba mpya. Waliopendezwa walisema Kanisa limepata sauti. Waliochukizwa walisema maaskofu warudi madhabahuni. Hoja hii ya pili haina nguvu, kwa kuwa nyaraka zote mbili zilitoka madhabahuni na zilisomwa humo kama nyaraka nyingine za miaka iliyotangulia. Kinachostahili kuulizwa ni kama kila walichoandika kilikuwa kweli.

Siku hizi hata asiyekwenda kanisani huijua Kwaresima mijini kwa ratiba ya harusi. Parokia nyingi hazifungishi ndoa katika msimu huu, basi kumbi na washereheshaji hubanwa Januari, hupumzika, na kuanza tena baada ya Pasaka. Kanisani rangi ni zambarau, Aleluya haiimbwi, maua yameondolewa altareni. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 5 Machi, siku chache baada ya Ramadhani kuanza, na kwa majuma kadhaa Tanga, Mombasa na Unguja majirani wa dini mbili walikuwa katika mfungo kwa pamoja, kila mmoja kwa hesabu yake.

Waraka nao umehama. Hutumwa katika makundi ya WhatsApp ya jumuiya kabla paroko hajaufungua, na tafakari ya siku huingia kwenye simu alfajiri, nyingine fupi kiasi kwamba msomaji humaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Wepesi huu una faida yake. Anayekaa Muscat au Minneapolis anasoma maneno yaleyale yanayosomwa Moshi asubuhi hiyohiyo. Lakini tafakari anayoisoma mtu peke yake kitandani haimpi nafasi ya kubishana na jirani, na mabishano hayo ya jumuiya ndiyo yaliyovipa vijitabu vya Kwaresima uzito wake tangu miaka ya 1970.

Vijitabu vyenyewe vinapotea. Ni vyembamba, vya karatasi dhaifu, na Pasaka ikipita huwa havina kazi. Vingi hufungia karanga au huishia kwa mchwa kwenye stoo ya parokia. Humo ndimo yalimorekodiwa, mwaka baada ya mwaka, mambo ambayo watu wa kawaida waliyaona kuwa dhambi za nchi yao. Maktaba za majimbo na vyuo vikuu zingefanya vyema kuvikusanya, na aliyenacho cha mwaka 1985 au 1992 chini ya kitanda chake akipeleke ofisi ya parokia na kuomba kihifadhiwe.